Neno "Tu" Mbele ya Hakimu

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni kwenye mkutano wa jumuiya yetu ya wasemaji wa Kiswahili hapa Houston. Wengi mlikuwa zamu kazini mkaniomba maandishi. Nimeiacha kama nilivyoisema.

Wazee wangu, mama zangu, dada na kaka, nanyi wanangu mliokaa kule nyuma karibu na mlango: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na ndugu zetu wa Kongo, jambo sana.

Nina neno gumu kulisema mbele ya watu ninaowaheshimu, lakini nitaanza nalo. Nimekiri makosa ya jinai mara nyingi kuliko mtu yeyote aliyemo ukumbini humu. Nimekiri wizi. Nimekiri utapeli wa kadi za benki. Nimekiri kula njama. Nimesimama mbele ya hakimu, nikatamka kwa sauti inayosikika hadi viti vya mwisho: "Nakiri kosa, mheshimiwa." Halafu nimerudi nyumbani, nimeweka sufuria jikoni, na chakula hakikupita kooni.

Mimi ni mkalimani wa mahakama. Mkalimani hasemi "huyu anasema amekosa." Husema "nimekosa." Anachukua kinywa cha mshtakiwa, akishamaliza anachukua kinywa cha hakimu, halafu cha shahidi. Ndiyo maana najua uzito wa maneno haya. Yamepita mdomoni mwangu.

Mnielewe mapema: mimi si wakili. Na siri za watu nimeapa kuzilinda. Nitakayowasimulia yalisemwa katika mahakama ya wazi, na bado nimebadilisha umri, kazi, mitaa na kiasi cha fedha, ili hata aliyekuwemo asimtambue mtu.

Kwa nini basi nimekuja? Nimekuja kwa sababu ya mama mmoja aliyeniuliza swali kwenye korido ya mahakama, nami maadili ya kazi yangu yakanikataza kumjibu. Nitafika kwake. Kwanza nataka tusikilizane juu ya neno moja dogo, herufi mbili. Neno "tu".

"Nilitumiwa tu namba." "Nilipokea tu mzigo." "Nilimwazima tu akaunti yangu." "Nilimsindikiza tu dukani."

Watu wetu karibu wote niliowatafsiria kesi za kadi wamelitumia neno hilo, na mimi sina ruhusa ya kuliacha. Kiingereza kina maneno yake ya "tu", nami huyatamka. Hakimu hulisikia. Mwandishi wa mahakama huliandika. Lakini katika hati zote za mashtaka nilizowasomea watu kwa Kiswahili, sijaona hata mstari mmoja ambapo sheria imeliachia neno hilo nafasi ya kukaa.

Sasa yule mama. Mwanawe alikuwa na miaka 22, mfanyakazi wa bohari zamu ya usiku. Rafiki alimtumia picha moja ya skrini kwenye simu. Ndani ya picha mna mistari 60: namba za kadi za mkopo, majina ya wenyewe, tarehe za mwisho, tarakimu tatu za nyuma. Kijana akatumia namba nne. Akanunua simu mbili, viatu, na tiketi ya ndege. Jumla dola 3,100. Namba 56 zilizobaki hakuzigusa. Zilikaa simuni mwake kama picha nyingine yoyote.

Alipokamatwa pamoja na wenzake, mama yake alikuja mahakamani na bahasha. Akanishika mkono koridoni, maana alisikia nasema Kiswahili, akaniuliza: "Dada, wanadai kiasi gani? Nina elfu mbili hapa, nyingine nitakopa kwenye chama. Nikilipa si yataisha?"

Jamani, mnamwelewa? Mimi nilimwelewa kabisa. Kwetu kijana akiiba kuku au simu ya jirani, wazee wanakaa, familia inalipa, mambo yanaisha barazani. Mama alikuwa anatafuta baraza. Nikamwangalia, nikanyamaza, nikamwonyesha kwa mkono alipokaa wakili. Kanuni ilinitaka ninyamaze. Lakini swali lake nimelibeba, na leo namjibu kupitia kwenu.

Jibu ni hapana, mama. Hayataisha. Mlalamikaji si benki, wala si mwenye kadi. Juu ya hati ya mashtaka pameandikwa Marekani dhidi ya mwanao. Mwenye kadi akisamehe, Marekani haijasamehe. Benki ikirudishiwa fedha yake yote, Marekani bado iko mezani. Na fidia utalipa: tangu sheria ya mwaka 1996, katika makosa ya utapeli ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, hakimu analazimika kuamuru fidia kwa walioumia. Fidia inakuja pamoja na kifungo. Haiji badala yake.

Na hayo mashtaka ni mangapi? Hapa ndipo watu wetu hushtuka. Kijana alidhani ana shtaka moja, "kutumia kadi". Mimi nikamsomea manne.

La kwanza linatoka katika kifungu cha 1029 cha sheria za jinai za shirikisho. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1984, na haisemi "kadi" peke yake. Inasema kifaa cha kufikia akaunti, yaani kadi, namba ya kadi, namba ya siri, chochote kinachofungua akaunti ya mtu. Ukivitumia bila idhini ukapata vitu vya dola 1,000 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, adhabu inafika miaka 10. Alipata vya 3,100. Hilo moja.

La pili, kifungu kilekile. Ukiwa nazo namba kama hizo 15 au zaidi kwa nia ya kulaghai, kule kuwa nazo peke yake ni kosa, tena miaka 10. Yeye alikuwa na 60. Hakuzitumia? Sheria haikumuuliza kama amezitumia. Imemuuliza alikuwa nazo kwa nia gani, na zile nne alizotumia zikamjibia.

La tatu, utapeli kwa njia ya mawasiliano, kwa kuwa ununuzi ulipita mtandaoni kutoka jimbo hadi jimbo. Kikomo miaka 20. Na mwendesha mashtaka akiona benki yenyewe ndiyo iliyodanganywa, anaweza kuandika utapeli dhidi ya benki, ambao kikomo chake ni miaka 30 na faini ya dola 1,000,000.

La nne ndilo lililomwangusha mama yake kwenye benchi. Wizi wa utambulisho wa mtu wakati wa kutenda kosa jingine, sheria ya mwaka 2004. Adhabu yake haina "hadi". Ni miaka 2 kamili. Na miaka hiyo haichanganywi na kifungo cha kosa la msingi, inapandishwa juu yake. Hakimu haruhusiwi kutoa kifungo cha nje kwa shtaka hilo. Nimewahi kumsikia hakimu akisema waziwazi kwamba angependa kutoa pungufu na sheria imemfunga mikono. Nikayatafsiri hayo maneno, nikamwona mshtakiwa anamwangalia hakimu kwa huruma.

Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dubin, ililipunguza makali shtaka hilo: ilisema jina la mtu lazima liwe kiini cha udanganyifu, lisiwe limeguswa kwa bahati njiani. Mawakili walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini niambieni, anayenunua simu kwa kadi ya mtu mwingine, jina la mwenye kadi si ndilo kiini chenyewe?

Bado hatujafika kwenye hesabu. Shikilieni hii, maana sijakutana na kijana aliyeijua kabla ya kukamatwa. Mahakama za shirikisho zina mwongozo wa hukumu unaopima hasara: hasara ikikua, miezi inakua. Kwa kadi za wizi mwongozo unasema hasara ihesabiwe si chini ya dola 500 kwa kila namba. Kila namba, wanangu. Sitini mara mia tano ni ngapi? Nasikia mmoja kule nyuma amejibu. Ndiyo, 30,000. Kijana aliingia akijua ana kesi ya dola 3,100, akaambiwa mizani inaanzia dola 30,000. Picha moja ya skrini. Alisahau hata kuifuta.

Mwishowe alikiri, mashtaka mawili yakaondolewa. Akapewa miezi 6 kwa la kadi na 24 juu yake. Na msihesabu kutoka mapema kwa parole, maana katika shirikisho parole ilifutwa kwa makosa yote yaliyotendwa tangu Novemba 1, 1987. Ukiwa na nidhamu unaweza kupunguziwa hadi siku 54 kwa kila mwaka wa kifungo. Mama yake aliondoka na bahasha yake ileile.

Kuna anayesema moyoni: hao wa shirikisho hushika watu wakubwa, mimi nikikosea kidogo nitaishia kwa polisi wa mtaa. Haya, tuje Texas. Sheria ya hapa kuhusu matumizi mabaya ya kadi haina kiwango cha chini cha fedha. Ukilipia kuku wa kukaanga kwa kadi ya mtu bila ridhaa yake, ni kosa lilelile la jinai kubwa: siku 180 hadi miaka 2 katika jela ya jimbo, na faini hadi dola 10,000. Mwenye kadi akiwa mzee wa miaka 65 au zaidi, inapanda kuwa miaka 2 hadi 10. Na anayepokea kitu huku akijua kimenunuliwa kwa kadi ya wizi, naye yumo humohumo.

Kisha kuna sheria ya pili ya Texas, ya kumiliki taarifa za watu kwa nia ya kulaghai. Hiyo inahesabu taarifa, haihesabu dola. Chini ya 5, jela ya jimbo. Kuanzia 5, miaka 2 hadi 10. Kuanzia 10, miaka 2 hadi 20. Zikifika 50, kosa linakuwa la daraja la kwanza: miaka 5 hadi 99, au maisha. Daraja moja na mauaji ya kukusudia. Sisemi kila aliyekamatwa hupewa hayo. Wengi wa mara ya kwanza hupewa kifungo cha nje, na ni vizuri mjue hivyo. Lakini ukikaa mezani kujadiliana na mwendesha mashtaka, yeye ndiye mwenye hiyo 99 mkononi. Wewe una nini?

Nasikia pia vijana wakisema wakubwa hawashikwi. Wanashikwa. Albert Gonzalez wa Miami, aliyeongoza wizi wa zaidi ya kadi milioni 130, alihukumiwa miaka 20 mwaka 2010. Kabla ya hapo alikuwa mtoa habari wa Secret Service, shirika lilelile linalomlinda rais, maana ndilo pia lenye kazi ya kufuatilia kadi za wizi. Aliyekuwa anawasaidia walimkamata. Na Roman Seleznev, mtoto wa mbunge wa Urusi, alikamatwa Maldives mwaka 2014 akiwa mapumzikoni. Kompyuta yake ya mkononi ilikuwa na namba za kadi milioni 1.7. Mwaka 2017, Seattle, alipewa miaka 27. Agosti 2024 akatoka, kwa kuwa serikali kadhaa, Marekani na Urusi zikiwemo, zilibadilishana wafungwa na jina lake likawemo.

Sasa nikuulize wewe wa Tabora, wewe wa Bukavu, wewe wa Kitui: wewe nani atakubadilisha? Ni rais gani atapiga simu kwa ajili yako?

Nije kwa kina mama na kina dada, maana si vijana peke yao. Dada mmoja wa makamo, mwenye watoto watatu, aliombwa anwani yake na mtu wa kwao. "Mizigo ikija, ipokee tu, nitapita kuichukua. Nitakuachia dola 50 kila boksi." Yalikuja maboksi 11. Kompyuta, mikoba, saa. Kila boksi na jina tofauti, hakuna hata moja lenye jina lake wala la huyo mtu wa kwao.

Hapa niwe mkweli kwa pande zote mbili: asiyejua kweli, hana kosa. Mashtaka haya yote yanahitaji kujua na kukusudia, na serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha. Dada huyu alisimama kwenye hilo. "Sikujua, nilipokea tu." Ndipo mwendesha mashtaka akatoa ujumbe wa WhatsApp, wa Kiswahili, nikapewa niusome na kuutafsiri mbele ya wazee wa baraza, yaani wale raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Dada ameandika: "Lakini hii si ya wizi?" Amejibiwa: "Usiulize sana dada." Naye akajibu neno moja. "Sawa."

Ndugu zangu, nimetafsiri nyaraka ndefu za kurasa mia. Hakuna neno lililowahi kuwa zito kinywani mwangu kama lile "sawa". Chumba kizima kililisikia. Mtu aliyeuliza, akaambiwa asiulize, akasema sawa, huyo alijua, au alifumba macho kwa makusudi, na sheria ya hapa haioni tofauti kubwa kati ya hao wawili.

Kiswahili chetu kina "tu" nyingine, mnaijua. Tu wengi. Tu ndugu. Tu pamoja. Wewe ukisema "nilipokea tu", yako ni ile ya kwanza, ya kujipunguza. Mwendesha mashtaka anasikia ile ya pili: tu washirika. Ndilo shtaka la kula njama. Mkikubaliana, hata wawili, na wewe ukafanya kipande chako, hasara ya kundi zima uliyoweza kuitarajia inaweza kuwekwa kwenye mizani yako. Alipata dola 550. Aliwekewa mizani ya kila kilichokuwa ndani ya yale maboksi.

Kuna jambo ninaloliona halisemwi kwenye mikutano kama hii, nami sitaki kuondoka bila kulisema. Watu hujiliwaza: "Benki itarudisha, hakuna anayeumia." Kwa kadi ya mkopo, kweli, sheria inamwekea mwenye kadi kikomo cha dola 50 za hasara. Kwa kadi ya benki ya kawaida, ile inayochota moja kwa moja kwenye akaunti ya mshahara, ni habari nyingine. Ukitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi baada ya kujua kadi imepotea au imeibwa, hasara yako haizidi 50. Ukichelewa, inafika 500. Ukipitisha siku 60 tangu taarifa ya akaunti itumwe, yanayochotwa baada ya hapo yanaweza kuwa yako yote. Na benki ina hadi siku 10 za kazi za kuchunguza kabla hata ya kukurudishia kwa muda.

Siku 10 za kazi ni wiki mbili. Kodi ya nyumba inasubiri wiki mbili?

Nilimtafsiria mama mmoja, mkimbizi aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa huku, anayesafisha ofisi usiku. Kadi yake ilinakiliwa kwenye pampu ya petroli. Katika mahakama za shirikisho aliyeumia ana haki ya kusema mbele ya hakimu kabla ya hukumu, naye aliitumia. Sikuwa kinywa cha mshtakiwa siku hiyo, nilikuwa kinywa cha aliyeumizwa. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti yangu: "Nilikwenda dukani na watoto, nikajaza kikapu, kadi ikakataa. Nikaacha vitu pale, watu wa foleni wakinitazama. Nilifikiri nimefanya kosa. Nililala nikifikiri ni mimi nimekosea kitu." Mshtakiwa alikuwa kijana wa Kiafrika, na macho yake yalikuwa sakafuni tangu mama alipoanza. Kwa hiyo msiniambie hakuna anayeumia. Anayeumia anaweza kuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwako, hapa hapa.

Sasa, wazee wangu, nipeni subira, kwa sababu hili linalofuata ni kubwa kuliko jela. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mzaliwa wa hapa akimaliza kifungo, amemaliza. Sisi wenye makaratasi ya uhamiaji, tukimaliza kifungo ndipo kamba inapovutwa.

Sheria ya uhamiaji ina orodha ya makosa mazito kupita yote. Ukiingia humo unafukuzwa nchini na karibu kila mlango wa kujitetea unafungwa: miaka uliyokaa, ndoa, watoto waliozaliwa hapa, havikubebi. Utapeli umo, iwapo hasara imezidi dola 10,000. Kabla ya mwaka 1996 kiwango kilikuwa dola 200,000. Wakakishusha hadi 10,000, na tangu hapo hakijapandishwa, ingawa bei ya kila kitu imepanda. Kisha mwaka 2009, katika kesi ya Nijhawan, Mahakama ya Juu ilisema kiasi hicho kinaweza kutafutwa katika mazingira ya kesi yenyewe, kama vile amri ya fidia. Na hata hasara ikiwa chini ya hapo, utapeli unahesabiwa kuwa kosa la kukosa uadilifu, ambalo linaweza kukufungia mlango kwa njia nyingine.

Kaka mmoja, dereva wa lori, mwenye makaratasi ya ukaazi wa kudumu, alishtakiwa Texas kwa kadi za wateja wa pale alipokuwa akifanya kazi zamani. Wakili akamletea kile watu huona ni zawadi: hukumu iliyoahirishwa. Unakiri, hakimu hakutii hatiani, unakaa chini ya uangalizi miaka kadhaa, unalipa fidia, ukimaliza kesi inatupwa. Kwa sheria ya Texas, huna hatia. Kaka akamaliza yote. Fidia akalipa hadi senti ya mwisho, dola 10,000 na kitu. Alifurahi hata akachinja mbuzi.

Baba yake akafariki. Akaenda kuzika. Wakati wa kurudi, uwanjani, akawekwa pembeni.

Kwa sheria ya uhamiaji, ukikiri na ukawekewa masharti yoyote, umetiwa hatiani. Haijalishi Texas inasema nini. Ile fidia aliyoilipa kwa uaminifu, ile risiti aliyoitunza kwenye faili, ndiyo ilikuwa ushahidi kwamba hasara imezidi 10,000. Nilikuwa mkalimani wa mke wake katika moja ya vikao. Aliniuliza kupitia hakimu, yaani alimuuliza hakimu kupitia kwangu: "Kama kesi ilitupwa, hiki mnachomfukuzia ni nini?" Jibu lilichukua dakika kumi. Alilielewa. Kulielewa hakukumsaidia.

Inaniuma kwa sababu kuna kinga, na watu wetu hawaijui. Tangu mwaka 2010, kesi ya Padilla, Mahakama ya Juu ilisema wakili wa jinai ana wajibu wa kikatiba kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kutamletea hatari ya kufukuzwa. Wajibu, si hisani. Muulize. Usiposikia neno "uhamiaji" kutoka kwa wakili wako, litoe wewe: "Nikisaini hii, makaratasi yangu yatakuwaje? Fidia iliyoandikwa hapa ni kiasi gani, na inaweza kuandikwa vinginevyo?" Wakati mwingine kosa lilelile likiandikwa kwa kifungu kingine, mtu hubaki na watoto wake. Lakini ni kabla ya kusaini. Baada ya kusaini, mlango wa kurudi nyuma ni mwembamba mno.

Nimeambiwa muda unakwisha, basi niseme na wale ambao sasa hivi wameshika simu zao kwa nguvu. Nawaona, na sitawataja.

Kama namba hizo unazo, acha leo kuzitumia, wala usimtumie mtu mwingine. Kama wapelelezi wameshaanza kuuliza, usifute kitu. Kuharibu ushahidi ili kukwamisha upelelezi wa shirikisho ni kosa peke yake, hadi miaka 20, zito kuliko lile la kadi unalolikimbia. Usimdanganye mpelelezi pia, hata kwa neno dogo la mlangoni, maana uongo kwa afisa wa shirikisho ni hadi miaka 5 hata kama hujala kiapo. Una haki ya kunyamaza. Sema: "Nataka wakili." Basi. Usiongeze "mimi nilikuwa tu..." Hiyo "tu" itunze umwambie wakili wako, ndani, mlango ukiwa umefungwa. Ukikosa fedha utapewa wakili, na ukikosa Kiingereza cha kutosha, katika kesi ya serikali ya shirikisho mkalimani ni haki yako kwa sheria ya mwaka 1978. Usione haya. Nimeona watu wakitikisa kichwa kwa heshima mbele ya hakimu, kama tulivyolelewa, na ule mtikiso ukaandikwa kuwa "ndiyo".

Nanyi wazazi, mtoto akija kukueleza usiku wa leo, msianze na kelele. Akinyamazishwa leo, mtu wa kwanza atakayemweleza ni mpelelezi.

Mawakili wawili waliojitolea wamekaa meza ya kushoto, mmoja wa jinai na mmoja wa uhamiaji, na hawatozi kitu jioni hii. Mimi nitakuwa pale kwenye birika za chai hadi ukumbi ufungwe. Siwezi kukushauri, lakini naweza kukutafsiria, neno kwa neno, bila kuacha hata "tu". Ukitaka kupita mlango wa nyuma ili mama yako asikuone, mlango wa nyuma uko wazi.